Shati Chini ya Waridi

Sitaki mtu aniulize kama naamini uchawi. Mimi nauza mafuta ya mawese hapa Bulengera, naamka na adhana ya alfajiri, nalala nikimaliza swala ya Isha, na katikati ya hapo nina kazi. Haya ninayoyasema yalitokea upande wa pili wa ua wangu, kwa jirani yangu Nadège. Ua wenyewe ni wa matete. Mtu akitaka kuona, anaona.

Siku aliyofika ilikuwa siku kama nyingine. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, mimi nachuja mafuta mlangoni, redio ya mtu inaimba huko chini. Pikipiki ikasimama mbele ya kile kinyumba kilichokuwa wazi, akashuka mwanamke mwenye sufuria moja na furushi. Sufuria aliiweka chini. Furushi hakuliweka chini. Lilikuwa limefungwa kwa shati la kiume, la mirabamiraba ya buluu, vifungo vyote vimefungwa na mikono imekazwa fundo.

Alitoka Oicha. Mumewe, Josaphat, alikwenda kwenye shamba lao la kakao na wenzake, risasi zikalia huko porini, wengine wakarudi wakikimbia na yeye hakurudi. Mji ukatawanyika. Nadège alipita nyumbani kwake kwa muda wa kuchukua vitu viwili tu, na kimoja kilikuwa waridi.

Nilimcheka. Naam, nilimcheka, maana nimeona wakimbizi wakibeba godoro, mbuzi, hata mlango wa nyumba, lakini maua sijawahi. Ndipo akanieleza. Josaphat alipokwenda kumposa hakuwa na pete. Alikuja na kijiti cha waridi alichoomba kwenye bustani ya masista, akakipanda mbele ya nyumba ya wakwe, akasema kikifa wamnyime binti. Hakikufa. Wakaoana, wakahamia Oicha, wakahama nacho. Ni lile waridi la kichaka, la rangi ya waridi yenyewe, petali zimejazana hadi ua linashindwa kusimama wima.

Sasa ili vijiti visikaukie njiani, Nadège alifanya wanavyofanya watu wa bustani. Alikata kipande cha mgomba, urefu wa mkono, akakitoboa na kuvichomeka humo, maana mgomba unashika maji. Kipande kilikuwa kinafumuka, na kamba hakuwa nayo. Akakivisha shati ambalo Josaphat alikuwa amelivua jioni ya kuamkia siku hiyo, bado lina jasho lake, akafunga vifungo.

"Mama Hadjara, uniazime jembe," aliniambia. Tulikuwa hatujamaliza hata kusalimiana vizuri.

"Kula kwanza."

"Nitakula. Lakini nipande hii kwanza. Itanifia."

Tukachimba pale katikati, kati ya mlango na njia. Mimi nikasema shati hilo tulifungue, bado ni zima, mtu anaweza kulivaa. Akakataa. Alisema mizizi imeanza kutoka, tukilivua itakatika.

"Uache tu. Itaoza, itakuwa mbolea."

Tukafukia. Udongo nikaushindilia mimi kwa miguu.

Bustani iliyobaki aliipanda peke yake, na kwa kweli ilikuwa kituko. Sisi hapa tunapanda kabichi mstari, vitunguu mstari. Yeye alichanganya: maua ya margeriti humo, lengalenga, yaani mchicha, humo, vitunguu vya majani vikichungulia katikati ya jeranyumu, kila kitu kinamwegemea mwenzake. Nikamwambia bustani yake imelewa. Akasema Josaphat alipenda hivyo, bustani yenye haina amri.

Waridi lilishika mara moja. Lilinizidi akili. Hakulimwagilia, hakulikata matawi, hakulitia samadi. Kiangazi kilipokuja lengalenga langu likakauka nikiliangalia, na waridi lilisimama pale limejaa maua, majani hayana hata tundu la mdudu. Harufu ilifika barabarani. Siku za ndoa maharusi walikuja na mpiga picha wao wakasimama mbele yake. Nadège aliwaruhusu kupiga picha. Kukata ua hata moja aliwakatalia.

Jambo moja lilikuwa linanisumbua, niseme au nisiseme: hakuwa analia. Mimi nimezika mume na ndugu, najua mtu anavyokauka, kilio chenyewe kinageuka kazi ambayo mtu hana nguvu ya kuifanya. Lakini Nadège alikuwa amekauka kwa namna nyingine. Aliongea, alikula, aliuza vitunguu vyake. Jioni alipakua sahani mbili. Siku moja aliazima kwangu sindano na uzi wa kijani ashone pazia, nikamwona ameishika ile sindano mpaka giza likaingia, hajashona kitu. Nilipomuuliza alisema anasubiri.

Mama mkwe wake, Débora, alishuka kutoka Kipese na gunia la viazi. Mwanamke mrefu, mpole, mwenye kuongea chini chini. Walikaa ndani, mimi nikiwa nao.

"Mutoto wangu," alisema Débora, "wakati umepita. Kule kwetu ku milima tunajua namna ya kuzika mutu mwenye haonekane. Tumuzike Josaphat, apumuzike. Na we upumuzike."

"Mama, mi hapana zika mutu muzima."

"Nani amekuambia ni muzima?"

"Hakuna mutu ameniambia amekufa."

Débora hakumshinikiza. Alikunywa chai yake, akapita kando ya waridi akitoka, akainama kunusa, akapanda gari la kurudi kwake.

Kisha, siku ambayo hakuna aliyekuwa anategemea kitu, mdogo wangu Jamali, ambaye ni dereva wa lori la mafuta yangu, akanipigia simu kutoka Beni. Alikuwa anapiga kelele. Josaphat yuko hai! Ametoka porini na wenzake, amekonda, lakini anatembea, yuko mbele yake hapo hospitalini. Niliruka ua wa matete kwa umri wangu huu. Nikampa Nadège simu.

"Allô? Josa? Josa, ni mi."

Nilisikia sauti ya mwanamume upande wa pili. Ilikuwa karibu na safi kabisa.

"Jamali, simu inanyamaza. Hakuna mutu."

"Josa, niko hapa! Unanisikia?"

"Hakuna mutu," alisema tena, na simu ikarudi kwa Jamali.

Tulilaumu mtandao. Watu wa hapa tuna bahati, daima kuna mtandao wa kulaumu. Nadège alifagia nyumba, akafua mashuka, akapika wali na kuku. Débora akaja kutoka Kipese, amevaa kitenge kipya, na kwa furaha alishindwa kufunga kilemba.

Jamali alimleta Jumamosi, baada ya Adhuhuri, jua kali. Lori lilisimama barabarani. Josaphat akashuka. Nilimjua kwa picha aliyonitumia Jamali. Alikuwa amevaa buti kubwa alizopewa na mtu, na alitembea akiangalia pande zote mbili za njia, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Nadège alisimama penye njia ya kuingilia. Alinyoosha mikono.

Josaphat alimpita.

Hakumkwepa. Alipita kando yake karibu kabisa, bega likagusa bega, akaja hadi kwangu, akanisalimia kwa heshima.

"Mama Hadjara? Jamali ameniambia uko jirani ya bibi yangu. Nadège anaikala wapi?"

Nadège alikuwa amekuja nyuma yake. Alimshika mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kwa vidole vyote.

"Josa," alisema.

Josaphat akaanza kujisugua mkono pale pale aliposhikwa, juu ya vidole vyake.

"Hapa kwenu kuko baridi," aliniambia.

Nilimkaribisha kwangu. Sikujua nifanye nini kingine. Akaketi kwenye kiti, akanywa maji, mama yake akamkumbatia na yeye akamkumbatia mama yake. Débora alimwona, alimsikia, alimshika. Sisi sote alituona. Nadège alikuwa amepiga magoti mbele yake, na yeye aliangalia kupitia kichwa cha mkewe, kupitia matete, hadi upande wa pili.

"Na hapa," akauliza, "banazika nani?"

"Wapi?" nikasema.

"Hapa. Kaburi hii yenye maua."

"Hiyo ni nyumba ya bibi yako, Josaphat. Ule ni mlango wake. Mlango wa kijani."

Alicheka kidogo, kwa adabu, akadhani natania.

"Mama, hakuna nyumba. Kuko kaburi tu."

Débora aliinuka polepole. Alimwangalia Nadège. Akamshika mkono, akamtoa nje, na mimi nikafuata. Walisimama mbele ya waridi. Lilikuwa limechanua kupita siku zote.

"Ulipanda hii namna gani?" Débora aliuliza. Alikuwa ananong'ona.

Nadège akaeleza. Mgomba. Urefu wa mkono. Shati.

"Shati ya nani?"

"Yake."

"Alikuwa amelivaa?"

"Jana yake, mama."

"Ulifunga vifungo?"

Nadège akaitika kwa kichwa. Débora alijishika mdomo. Kisha akatuambia, kwa sauti ile ile ya chini, kile ambacho siku ya chai hakukimaliza. Kule milimani, mtu akipotea na mwili usionekane, wanakata mgomba urefu wa mkono. Wanauvisha nguo yenye jasho lake. Wanafunga vifungo, anayefunga awe mkewe au mamake. Wanauzika mbele ya mlango, juu yake wanapanda mti hai, na mmoja anashindilia udongo kwa miguu. Ndiyo sababu hawafanyi mpaka wote wakubaliane. Maana kama mtu huyo bado anapumua popote, hataiona tena nyumba yake wala aliyemzika.

Nadège alikulia Beni mjini. Mimi ni Mwislamu, sisi tunazika kwa sanda, mgomba haumo. Nani angetuambia?

"Tuchimbue," alisema Nadège.

"Mwenye alizika ndiye anachimbua," alisema Débora. "Polepole."

Alichukua jembe langu, lile lile. Alichimba kidogo, akaacha jembe, akaendelea kwa mikono. Miba ilimchana na hakuonekana kuisikia. Udongo ulikuwa na uvuguvugu. Nilisema moyoni ni jua. Kisha shati likaonekana.

Halikuwa limeoza. Buluu yake ilikuwa mbichi. Mgomba ndani yake ulikuwa mbichi, unene wa mtu mwembamba sasa, na mizizi ilikuwa imepita kwenye kitambaa kila mahali, mikononi, tumboni, shingoni. Mmoja mnene ulikuwa umepita kifuani, upande wa moyo. Nadège alishika mzizi mdogo wa pembeni. Akaukata.

Kwangu, ndani, Josaphat akasema, "Ah."

Nadège akakata mwingine.

"Ah! Mama, bega langu."

Akaushika ule mnene. Akauvuta kidogo tu.

Kikombe kilianguka huko ndani. Tukasikia mtu akikohoa, akikosa pumzi, akikohoa tena. Nilikimbia. Josaphat alikuwa chini sakafuni, amejishika kifua, na kwenye midomo yake kulikuwa na udongo.

"Uache!" nilipiga kelele kupitia matete. "Nadège, uache!"

Aliuachia. Josaphat akavuta pumzi.

Nadège alirudishia udongo wote. Aliusawazisha kwa viganja. Kisha alikaa hapo chini, mikono mapajani, na uso wake haukuwa na kitu chochote. Mimi nilitaka kulia nikakosa. Débora alimpeleka mwanawe Kipese jioni hiyo hiyo. Alimwambia mkewe hajapatikana. Angemwambia nini tena?

Tuliishi hivyo. Jamali, akipanda Kipese kuchukua viazi, alileta habari: Josaphat amepata nguvu, analima, haongei sana. Nadège alisikiliza kila neno. Alinituma nimuulize Jamali kama analala vizuri, kama anakula, kama amevaa sweta. Waridi lilizidi kuchanua bila mtu kuligusa. Alikuwa na mume mzima, mwenye afya, safari ya nusu siku kwa lori, na angeweza kusimama mbele yake hadi nywele zake ziwe nyeupe.

Kisha Jamali akaleta habari nyingine. Josaphat amechoka kusubiri. Anasema Nadège alikufa siku ile Oicha, na anataka kumzika kwa desturi ya milimani. Mama yake anakataa, hasemi kwa nini, na wamegombana. Kitu kimoja tu kinakosekana, nguo ya marehemu.

Nadège alisikia hayo akichuma vitunguu. Alimaliza kuchuma. Alinawa. Akaja kwangu.

"Mama Hadjara, utanipelekea kitu Kipese."

Nilijua kabla hajamaliza. Nilimwambia hapana. Nilimwambia ni dhambi, ni ujinga, yeye bado kijana, mume si yeye mmoja duniani. Nilimwambia maneno mabaya pia.

"Utakuwa wapi?" nilimuuliza. "Niambie, utakuwa wapi?"

"Sijue. Lakini ye amezikwa, na mi nikizikwa ataniona."

Alikata vijiti vya waridi. Alikata mgomba, urefu wa mkono. Akavua kitenge alichokuwa amevaa, cha manjano, akaufunga mgomba nacho, akakaza fundo. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu mtoto. Nilimkumbatia. Alinukia waridi na vitunguu. Nilimpenda, na sikumwambia kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

Kipese kulikuwa na ukungu. Josaphat alitoka nyumbani kwa mama yake, akanisalimia. Nilipompa furushi alikijua kitenge kabla hajakishika. Alikiweka usoni, akakaa hivyo. Hakulia. Ile familia haikuwa na machozi.

Débora alisimama mlangoni.

"Hadjara," alinong'ona, "unajua unabeba nini?"

"Najua. Ni yeye mwenyewe amenituma."

Aliniangalia. Alimwangalia mwanawe, mgongo wake ulioinama. Kisha akaenda ndani, akatoka na ndoo ya maji, akaiweka mbele ya mlango, pa kuchimbia.

Josaphat alichimba. Akalaza furushi. Akafukia. Akamwaga maji. Akashindilia udongo kwa buti zake.

Akainua kichwa.

"Nadège," alisema. Kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayemkuta mwenzake sokoni. "Uko hapo tangu saa ngapi?"

Niligeuka. Palikuwa na njia, ukungu, na mashamba ya viazi. Hapakuwa na mtu.

Alifuta mikono kwenye suruali. Akaenda. Alinyoosha mkono na vidole vyake vikafunga juu ya kitu. Alikuwa anacheka.

"Josaphat!" mama yake alimwita. "Josaphat, mwanangu!"

Hakugeuka. Alijisugua shingo kidogo, kama mtu anayepigwa na upepo, akaendelea kutembea akiongea na aliye kando yake. Wakaingia kwenye kona. Nasema wakaingia. Upande wa pili wa kona wanawake walikuwa wanapalilia, na hakuna mtu aliyewapita.

Débora hakumfuata. Alikaa kwenye kizingiti na ndoo tupu.

Nilirudi Bulengera kesho yake. Mlango wa kijani ulikuwa umerudishwa, haujafungwa. Kitanda kimetandikwa. Sahani mbili zimeoshwa, zimefunikwa. Nilimwita jina lake kila chumba, na vyumba vyenyewe ni viwili. Nilipotoka ndipo nilipoziona kizingitini: sandali zake, na kando ya sandali buti kubwa za kiume, zina udongo mweusi wa Kipese, bado mbichi.

Nyumba hiyo hadi leo haina mpangaji. Maharusi hawaji tena kupiga picha, hawasemi kwa nini. Bustani haioti magugu. Jioni nyingine nasikia harufu ya wali. Siogopi, na wakati mwingine hilo lenyewe linanitia hofu. Nimekaa tu na kazi yangu.

Lakini kuna shati. Lilitokea kwenye kamba ya Nadège asubuhi moja ya kiangazi, limefuliwa, linadondosha maji. La mirabamiraba ya buluu, matundu ya mizizi kila mahali. Nilikwenda kuangalia chini ya waridi. Udongo haujaguswa. Mvua ikitaka kunyesha mimi ndiye ninayelianua, nalikunja, naliweka mlangoni pao, na kesho yake liko tena kwenye kamba.

Kila nikilianua nakuta tundu jingine limezibwa. Kushona kwenyewe ni kuzuri, kwa subira, kwa uzi wa kijani. Uzi huo naujua. Ni wangu, sikurudishiwa.

Leo nimelishika kwenye mwanga nikalikagua lote. Mikono imekwisha. Shingo imekwisha. Limebaki tundu moja tu, la kifuani, upande wa moyo, na sindano imeachwa imechomekwa pembeni yake.